Kuuzunguka Mlima na Mkeka wa Mita Ishirini

Kwa mlioniuliza

Wapendwa, mmeniuliza kwenye foleni ya maziwa, mmeniuliza nje ya kanisa, na mmoja wenu aliniuliza nikiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Kila mmoja nilimpa kipande cha habari, na vipande hivyo vimenirudia vikiwa na mikia ambayo sikuviwekea mimi. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi nami niendelee na chai yangu.

Mnakumbuka ilivyoanza. Watoto wetu wa kriketi, wasichana na wavulana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na sita, walikuwa wakicheza kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa. Mwalimu Muriithi huwafundisha kutupa na kupiga. Mimi huwaombea, huwapikia, na huandika alama, maana katika kriketi kila mpira unaotupwa lazima uandikwe. Kamati ya ardhi ya kanisa ikataka uwanja ule ulimwe viazi. Mzee Gathogo, mwenyekiti, alisimama akasema kriketi ni mchezo wa watu wa Nairobi na Mombasa, watu wa mlimani hawana damu yake.

Nilimuuliza kama viazi vilikuja hapa na damu yetu au vililetwa na meli. Wazee wawili wakakohoa. Basi Mzee Gathogo akasema, "Haya, Mama Mwangi. Zungukeni mlima mkacheze na hao wengine. Mkishinda hata mechi moja, uwanja mko nao mwaka mwingine. Msiposhinda, mimi nalima."

Nikasema tumekubaliana. Nina miaka sabini na mmoja. Wengine wenu mlicheka siku hiyo. Nimewasamehe, ila sijasahau.

Neno moja kuhusu mkeka, ndipo tuondoke. Mtupaji wa mpira na mpigaji hutazamana kwenye ukanda wa ardhi wa mita ishirini, mgumu na ulionyooka. Asiyekuwa na ukanda kama huo hutandika mkeka mzito juu ya udongo. Wetu ni wa marehemu mume wangu. Alitunza uwanja wa klabu moja ya zamani kwa muda mrefu kuliko tulivyokuwa na watoto nyumbani. Alivuta rola la kusawazisha ardhi asubuhi na jioni, na hakuna siku hata moja aliyoruhusiwa kushika gongo la kupigia mpira. Klabu ilipoutupa mkeka wake wa zamani aliuomba, akauleta nyumbani kwa mkokoteni wa punda. Pamoja nao alileta kitabu cha kanuni kilichong'oka jalada, na jioni alikuwa akinisomea. Hivyo ndivyo mimi, mwanamke wa kuchuma chai, nilivyojua sheria za kriketi kabla ya mtu yeyote kijijini.

Nyeri hadi Kagio

Kwaya ya vijana ilituazima basi lao dogo. Limeandikwa jina la kwaya pande zote mbili kwa herufi za dhahabu, na jambo hilo litarudi baadaye. Dereva alikuwa Kariuki, mtu mwema, ila hawezi kuendesha bila kutoa maoni. Tuliomba, tukafunga mkeka juu ya basi, tukaondoka kwenye ukungu wa Agosti, kila mtoto akiwa na makoti mawili.

Kufika Karatina koti la kwanza lilivuliwa. Kufika Kagio la pili likavuliwa, na Ndirangu, mtupaji wetu wa kasi na mwenye mdomo wa kasi vilevile, akauliza kama tumevuka mpaka wa nchi.

Tulisimama kando ya soko la nyanya ili Mwalimu aulize njia ya uwanja. Nikaona jambo la ajabu. Wanaume waliokuwa wakipakia makreti waliacha kazi wakavua kofia. Wanawake walinyamaza. Mama mmoja wa makamo akaja hadi dirishani kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana, mama. Alikuwa mtu mkubwa?"

Sikuelewa hadi nilipofuata macho yake. Mkeka ukikunjwa hutoa bunda lenye urefu wa mtu mrefu, na Kariuki alikuwa ameufunika kwa shuka jeupe kuuzuia vumbi. Basi la kwaya, watoto kimya kwa sababu ya joto, mwanamke mzee mbele akiwa na kitambaa kichwani. Hata mimi ningevua kofia.

Nilimweleza kwamba huo ni mkeka wa mchezo. Akacheka mpaka akakaa kwenye kreti, akawaita wenzake waje wamwone marehemu. Lakini mfuko wa nyanya aliokuwa ameshatuletea kwa ajili ya matanga alikataa katakata kuupokea. Alisema kitu kilichotolewa kwa kilio hakirudi nyumbani kwa mtoaji. Kwa hiyo tulizunguka mlima mzima na nyanya za marehemu asiyekuwepo, tukazila kwa shukrani.

Mechi ya Kagio naisimulia kwa ufupi kwa sababu ilikuwa fupi. Uwanja ulikuwa karibu na mashamba ya mpunga, na udongo wa kule ni laini. Mkeka ukazama katikati kama kitanda cha zamani. Mpira wetu ulikuwa ukidunda nyumbani hadi kifuani; kule ulitambaa kama panya. Watoto wa Kagio walijua hilo, wetu hawakujua. Tulitolewa kumi mapema, na wa kumi na moja hachezi peke yake, na wenyeji wakamaliza kazi kabla chai haijachemka.

Kwenye basi Ndirangu alisema huenda Mzee Gathogo anasema kweli. Nyambura, nahodha wetu, msichana wa miaka kumi na mitano anayelelewa na nyanya yake, hakugeuka hata. "Wewe tupa mpira," alimwambia. "Mambo ya damu wachia daktari."

Kagio hadi Embu, na Chuka bila kutarajia

Embu tulipokewa na mvua. Si mvua ya kelele. Ni ile rasharasha ya Agosti isiyojua kuondoka, kama mgeni aliyemaliza chai na bado ameshika kikombe. Tulikaa chini ya kibaraza cha shule kutoka asubuhi hadi alasiri. Waamuzi walikuwa wakienda katikati ya uwanja, wanakanyaga, wanarudi wakitikisa vichwa. Mchezo ukafutwa. Mechi iliyofutwa si kushindwa, lakini si kushinda pia, na katika mapatano yetu hapakuwa na neno kuhusu mvua.

Mwalimu Muriithi ni kijana, na siku hiyo alikata tamaa kidogo. Aliniambia tungerudi tu, ni afadhali tuokoe mafuta. Nilimuuliza kama amewahi kuona mtu anayepanda kahawa akang'oa miche kwa sababu mwaka wa kwanza haikuzaa. Akasema hapana. Nikamwambia basi aingie kwenye gari.

Tulipokaribia Chuka gurudumu likapasuka. La akiba lilikuwapo, lakini jeki ilikuwa imeachwa nyumbani chini ya kitanda cha Kariuki. Kariuki akatoa maoni mengi. Tukiwa hapo, wakatokea akina mama watatu wa kanisa moja la jirani, wakasoma herufi za dhahabu, wakainua mikono juu wakimshukuru Mungu. Kwaya waliyoialika kwa ajili ya kuchangisha fedha za paa la kanisa ilikuwa imechelewa, na sasa hii hapa.

Niliwaambia sisi si kwaya. Mmoja wao akalitazama jina la basi, akanitazama mimi, kama mtu anayeona mwenziwe anakataa kazi ya Bwana. Walikuwa wamekwisha kupika. Harufu ya maharagwe na chapati ilitoka kwenye jengo lile, na watoto walikuwa hawajala tangu mkate wa asubuhi. Mwalimu akanong'ona, akiniita bibi kama watoto wanavyoniita, "Cucu, waimbe tu wimbo mmoja."

Basi waliimba. Nimekuwa kanisani maisha yangu yote na sijawahi kusikia wimbo ule ukiimbwa hivyo. Waliuanza kwa sauti nne tofauti, na kwa kuwa wamezoea kukimbia kati ya vijiti vya ncha mbili za mkeka, kila ubeti ulikuwa wa kasi kuliko uliotangulia. Mzee mmoja wa mbele alisema baadaye kwamba watoto hawa wanaimba kama watu wanaofukuzwa. Nyambura akasimama akaeleza ukweli: sisi ni timu, tumeshindwa Kagio, tumenyeshewa Embu, na tukishindwa kila mahali uwanja wetu utalimwa viazi. Aliomba radhi kwa ajili ya wimbo.

Kanisa zima lilicheka, kisha wakatulisha, wakatulaza kwenye ukumbi, na vijana wao wakatafuta jeki. Kwaya halisi ilifika tukiwa kwenye chapati ya pili. Kabla hatujalala wale akina mama watatu walikuja wakaomba pamoja nasi. Waliombea miguu ya watoto, gurudumu, na hata Mzee Gathogo, wasiyemjua. Nilikuwa sijamwombea mimi mwenyewe. Nilitubu hapo hapo, ingawa si kwa moyo wote.

Chuka hadi Meru

Barabara kutoka Chuka hadi Meru inashuka mito na kuipanda, inashuka na kuipanda, na kila daraja Kariuki alituhesabia. Ndirangu alitapika mara mbili, akasema anatoa mzigo wa kushindwa.

Meru tulicheza vizuri. Nataka jambo hili lijulikane, kwa sababu wapo walioeneza kwamba tulichapwa kila mahali. Ardhi ilikuwa ngumu, mkeka ukalala sawa, na watoto walianza kuuona mpira. Nyambura alipiga mipira mitatu mfululizo hadi nje ya mpaka. Wa nne ukampata kidole gumba juu ya glavu, kikavimba kama ndizi ya kuchoma. Alicheza na kidole hicho mpaka alipotolewa. Tulishindwa kwa mikimbio mitatu, na mkimbio ndio alama moja ya kriketi. Mitatu tu.

Wenyeji walitupa uji na viazi vitamu. Mwamuzi wao, mwalimu mstaafu, alinijia akaangalia daftari langu la alama akasema hajaona mwandiko safi kama huo tangu aache kazi. Nilimshukuru. Kisha akasema, kwa nia njema, kwamba labda mwakani nilete wavulana peke yao, maana wasichana wanaumia.

Nilimuuliza ni nani kati ya timu zote mbili aliyepiga mikimbio mingi zaidi. Daftari lilikuwa mkononi mwake. Akasoma, akalifunga, akanirudishia.

Nilipokuwa nikimkanda Nyambura kidole kwa maji ya chumvi nilimwambia kwamba Nanyuki atapiga mwisho kabisa, wa kumi na moja, ili kidole kipumzike, na tukijaliwa hatahitajika. Hakupenda. Lakini alisema, "Sawa, Cucu," kwa sababu nimemfundisha kutii. Nimemfundisha mambo mengi yule mtoto. Mtaona.

Meru hadi Nanyuki

Ukipita Timau unaona ngano hadi inakutana na mbingu, na upepo wa kule haukusalimii, unaingia tu. Mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo. Tangu tutoke tulikuwa tumeuona kutoka upande wa nyuma, wa ubavuni, na sasa ukaanza kuchukua sura tunayoijua. Ilikuwa mechi ya mwisho, na kila mmoja alijua nyumbani trekta limekwisha kuagizwa.

Timu ya Nanyuki hufundishwa na Bwana Adan, mfanyabiashara wa mifugo. Wengi wa wachezaji wake ni watoto wa wafanyabiashara wenzake, pamoja na watoto wa shule za mjini. Alitukaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia, ambayo Ndirangu aliinywa huku akitafuta kwa macho ngamia mwenyewe. Tulipoinama kuomba, Bwana Adan na vijana wake walisimama kimya kando hadi tukamaliza. Kisha akaniambia, "Mama, mmeomba sana. Mmetuachia kitu?" Nikamwambia tumewaachia afya njema, ushindi tumebaki nao.

Wao walipiga kwanza wakapata mikimbio tisini na minne. Tukahitaji tisini na mitano. Watoto wetu walienda polepole, kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Wengine walitoka, wengine walishika. Ndirangu, ambaye kwa kawaida hupiga kama anayefukuza nyuki, alikaa pale ova baada ya ova, na ova moja ni mipira sita. Tukafika themanini na minane. Tumebakiwa na mipira kumi na miwili, tunahitaji mikimbio saba, na mpigaji wetu wa kumi akapiga mpira juu ukadakwa. Sasa ilikuwa zamu ya yule wa kumi na moja.

Hapa niende taratibu, kwa sababu hapa ndipo wengi mmesikia vibaya.

Katika kriketi, mpigaji akitolewa, anayefuata ana dakika tatu za kuwa tayari kupokea mpira. Zikipita, wapinzani wakidai, naye ametolewa bila kucheza. Kanuni hiyo mume wangu alinisomea. Niliisoma mwenyewe mara nyingi. Sikuwahi kuwafundisha watoto, kwa sababu sikuweza kufikiria mtoto gani angechelewa kuingia kucheza.

Nyambura aliinuka haraka, gongo kwapani, akivaa glavu polepole juu ya kile kidole. Akaanza kuufuata mpaka wa uwanja. Wakati huo huo, kutoka langoni, wakaja wazee watatu waliokuwa wameshuka tu kwenye gari, na wa mbele alikuwa Mzee Gathogo. Alikuwa amekuja kujionea. Walikutana naye uso kwa uso.

Nyambura ni mtoto wangu wa shule ya Jumapili. Nimewafundisha wote: humpiti mzee bila kumsalimia, na humsalimii mzee ukiwa umevaa glavu. Alisimama. Akavua glavu. Akatoa mkono. Mzee Gathogo akaupokea, akaushika.

Mnamjua anavyosalimia. Alimuuliza yeye ni wa nani. Alimuuliza kama nyanya yake bado anasumbuliwa na mguu. Alimuuliza kama ule mti wa parachichi uliobishaniwa mpakani ulikatwa. Kisha akampitisha kwa mzee wa pili, ambaye akakumbuka kwamba alibatizwa siku moja pamoja na babu yake Nyambura, akaeleza mvua iliyonyesha siku hiyo. Kisha wa tatu. Nyambura alijibu kila swali, kichwa kimeinama, na niliuona mguu wake mmoja umekwisha kuelekea uwanjani.

Saa ilikuwa mezani mbele yangu. Mwalimu Muriithi alisimama, akaketi, akasimama. Ndirangu alikuwa katikati ya uwanja akipunga gongo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwita mzee amwachie mtoto mkono. Na mimi, mwenye umri wa kuweza, mwenye ulimi mnaoujua, nilinyamaza. Mtu hakatizi salamu. Nimelelewa hivyo.

Dakika ya tatu ikapita. Kijana mmoja wa Nanyuki, aliyejua kanuni zake, akainua mkono akadai. Mwamuzi akatazama saa, akatazama mpakani, akainua kidole. Ndirangu alibaki peke yake, na tulikuwa tumeshindwa kwa mikimbio sita.

Mzee Gathogo akamwachia mkono, akatazama uwanjani, akamuuliza Nyambura, "Na mbona wanatoka? Ati mchezo umeisha?"

"Umeisha, guka," alisema, akimwita babu.

Bwana Adan alinijia karibu akikimbia, na yeye si mtu mwembamba. Alikuwa na aibu kuliko sisi. Alisema nahodha wake yuko tayari kuyaondoa madai, amekwisha kusema na mwamuzi, na mwamuzi amekubali tuendelee. "Mama, mtoto alikuwa anaheshimu wazee. Hata kwetu ni hivyo. Mwambie aingie."

Nilimwita Nyambura nikamweleza. Alifikiri huku akiitazama glavu.

"Hapana, Cucu. Nilichelewa," alisema. "Tukishinda hivi, Mzee atasema tulihurumiwa. Halafu atalima tu."

Nilimshukuru Bwana Adan, nikaandika alama ya mwisho, nikapiga mstari chini yake. Mwandiko ulikuwa safi kama wa Meru. Nasema hivyo kwa sababu kuna aliyesema nililia. Nililia baadaye.

Kupitia Chaka

Chaka ilikuwa siku ya soko la mifugo, na tulisimama kununua nyama choma kwa sababu huwezi kuwarudisha watoto nyumbani wakiwa wameshindwa na wana njaa pia. Mbuzi walilia pande zote. Hata Kariuki hakuwa na maoni.

Nyambura alikuja akakaa nami kwenye benchi.

"Cucu, nilifanya makosa?"

Nilimwambia kosa ni langu. Nilimfundisha kanuni ya wazee, nikasahau kumfundisha ya dakika tatu, kisha nikamwacha achague kati ya hizo mbili peke yake, ana kidole kimevimba.

"Ningempita tu?"

Niliomba kimoyomoyo, na ninaamini nilijibiwa, maana wakati huo huo akapita mwanamke aliyebeba kuni mgongoni, kamba kichwani, mwili umeinama. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza kondoo alimwita kwa jina. Mwanamke akaitikia salamu kwa sauti, kwa heshima zote, na hakusimama. Mzee hakunyoosha mkono, wala hakukasirika.

"Umemwona?" nilimuuliza Nyambura. "Mtu mwenye mzigo husalimia kwa mdomo. Mkono hutolewa mzigo ukishatuliwa. Hiyo pia ni heshima yetu, na ni ya zamani kuliko mimi."

Alimwangalia yule mwanamke mpaka akapotea kati ya kondoo. Kisha akaomba nyama yangu iliyobaki.

Nyumbani

Kamati ilikaa Jumatatu. Niliingia na daftari langu, nikasema mbele ya wote kwamba hatukushinda hata mechi moja. Kagio tulishindwa, Embu tulinyeshewa, Meru tulishindwa kwa mitatu, Nanyuki kwa sita. Mzee Gathogo akaniuliza kwa upole, maana si mtu mbaya, ni nini hasa kilitokea Nanyuki, kwa sababu hakuelewa.

Nikamsomea mstari kama nilivyouandika: "Nyambura, wa kumi na moja. Hakufika kwa wakati. Alikuwa akisalimia wazee."

Nikamweleza kanuni.

"Mama Mwangi," alisema, "ati unaniambia ni mimi?"

"Sikuambii kitu, Mzee. Nasoma tu."

Alikaa akijikuna kidevu. Ningependa kuwaambia kwamba alibadilika hapo hapo. Alisema anasikitika, lakini mapatano ni mapatano, na mbegu zimekwisha kununuliwa. Wengine wakatazama viatu vyao.

Nikamjibu kwamba sikuja kuomba. Mapatano nimeyaheshimu, na aendelee kulima. Nilikuja kuwajulisha tu kwamba kuanzia kesho watoto watakuwa kwangu, kwenye shamba la majani ya ng'ombe lililo kando ya barabara, lenye urefu wa mkeka na ziada. Mzee mmoja akauliza ng'ombe wangu atakula nini. Nikasema Mungu alimlisha ng'ombe huyo kabla ya kamati hii kuundwa.

Mnajua mizizi ya majani hayo ilivyo. Tuliing'oa kwa majembe wiki mbili nzima, watoto kumi na saba, Mwalimu, Kariuki na maoni yake. Baadhi yenu mlikuja na panga zenu, na mlioleta majani ya ng'ombe bila kuambiwa, Mungu awakumbuke. Ng'ombe amenenepa. Tulilivuta pipa lililojaa maji juu ya ardhi hadi ikakaza, kisha tukatandika mkeka wa Baba Mwangi. Uwanja ni mwembamba. Mpira ukiingia zizini ni mikimbio minne, ukivuka barabara hadi kwenye viazi vya kanisa ni sita.

Siku moja ya karibuni watoto walikuwa kwenye mazoezi na mimi nimeketi na daftari. Nyambura alikuwa akipiga, Ndirangu akitupa. Mzee Gathogo akaja kwa miguu, ametoka kuangalia viazi vyake. Alipofika kwenye ua wangu alisimama, akamwona, akanyoosha mkono juu ya waya kama kawaida yake.

"Wewe, mtoto wa Nanyuki. Nyanya anaendeleaje?"

Nyambura hakutoka kwenye mstari wake, wala hakuinua macho kutoka kwenye mpira.

"Anaendelea vizuri, guka. Nimekusalimia," alisema, kwa sauti ya heshima. "Nitakuja ova ikiisha."

Mkono wa mzee ulibaki hewani kidogo. Kisha akaurudisha mfukoni mwa koti.

Ndirangu akatupa mpira wa kwanza, Nyambura akauzuia. Wa pili akauacha upite. Wa tatu ulienda zizini, na mtoto mdogo akaenda kuutoa chini ya ng'ombe, ikachukua muda. Wa nne, wa tano. Wa sita aliupiga ukapita juu ya kichwa cha Mzee Gathogo, ukavuka barabara, ukatua kwenye viazi. Mzee aligeuka kuutazama ulipoangukia.

Nyambura akaweka gongo chini, akavua glavu, akaenda hadi kwenye ua, akampa mkono.

Nilitazama saa. Mzee alikuwa amesubiri dakika nne na nusu.